Swali la Bwana Pua

Ndugu waombolezaji, poleni kwa msiba. Dada wa marehemu, aliyekabidhiwa karatasi hii na ukoo na kuagizwa asome kwa upole, atasoma yote, ila huo upole mtautafuta kwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kitinda mimba wa fundi saa na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1986, kisha akasomea kazi ya maabara miaka mitatu, huku kaka yake mkubwa, mwenye duka la dawa, akitangaza kila kikao kwamba kijana anasomea makamasi.

Tarehe 1 Septemba 1990 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha chini ya ngazi chenye jokofu linalonguruma, na humo alipitisha pamba kwenye pua za watu zaidi ya miaka thelathini, akichunguza jinsi bakteria wasio na madhara wanavyoikalia njia ya hewa, wakila chakula chote, wakitoa kemikali za kuwazuia wenzao, hata wale wa maradhi wakose pa kushika. Mlimwita Bwana Pua, mkacheka. Alipowaonya kwamba dawa ya kuua bakteria, ikimezwa ovyo kwa kila mafua, huwafyeka wema na kuwaachia sugu uwanja, mlimwambia asijifanye daktari.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996 na mshona nguo, mwanamke ambaye wengi wenu hamjampa hata pole tangu juzi, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 2 Juni 2024 alishikwa na mafua, mafua tu, akavikataa vidonge vya kuua bakteria alivyoletewa na kaka yake. Mkewe alikuwa safarini akimuuguza mama yake, na kikao cha ukoo, ambacho hakikosi jibu, kikaamua vidonge visagwe, vitiwe kwenye chai yenye sukari nyingi, asubuhi na jioni. Kila Jumatatu marehemu alikuwa akijipima pua mwenyewe, na majibu ya tarehe 10 aliyaandika daftarini: wema wote wametoweka, nani kanipa dawa?

Paka akiondoka, panya hutawala. Tarehe 13 alilazwa kwa homa ya mapafu, ya bakteria sugu walioota peke yao kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu ya maabara yake mwenyewe, na akafariki tarehe 19 Juni, saa tisa na robo alasiri. Madaktari walisema hawawezi kuapa kwamba ni ile chai, na kaka mtu, aliyeketi safu ya mbele, ameing'ang'ania kauli hiyo tangu siku ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani walioleta viti, na wenzake wa maabara waliolitunza daftari. Swali lake halikujibiwa akiwa hai, ingawa alituuliza sote. Lijibiwe leo: kaka alileta vidonge, kikao kikapitisha, na aliyevisaga, akakoroga chai, akamshikisha kikombe na kumhimiza anywe ingali moto, ni dada yake, anayewasomea hapa.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Sisi tusipumzike.