Walikuja na Viti Vyao

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe hata na sisi wenye sauti ndogo.

Mimi ni Mama Saru, wa hapa Voi, mtaa wa chini ya reli. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua. Nimesimama kumshukuru Mungu, kwa sababu alinifungua kinywa.

Wengi wenu mlimjua mume wangu, Mzee Mwadime. Alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa wetu tangu kanisa likiwa la udongo. Mgonjwa akilala, alikwenda. Watu wakigombana, waliitana kwake. Nyumbani yeye ndiye aliyeomba. Mimi nilisema amina, na amina hiyo ilinitosha miaka yote ya ndoa yetu.

Alipougua na Bwana akamchukua, niliishiwa maneno. Ndugu zangu, sikumkasirikia Mungu. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikafumba macho, na hakuna kitu kilichotoka. Nilikuwa kama mfereji wa kiangazi, unaufungua na unasikia upepo tu. Kanisani nilikaa nyuma, na watu wakiinua mikono mimi niliangalia yangu.

Mnakumbuka miaka ile ya tisini jinsi mambo yalivyokuwa yakibadilika. Watu wa bara walikuwa wamehamia kwetu wengi, na ibada ikageuzwa kutoka Kidawida, lugha yetu, kuwa Kiswahili. Vijana walileta gitaa. Wazee walinung'unika kwamba nyimbo zao zimezikwa, vijana nao wakasema wazee wanaimba kama watu wanaosinzia. Wengine walihamia kwenye mikutano ya hema kule uwanjani. Mtaa wetu haukuwa na mzee wa kanisa, na ushirika wetu wa Alhamisi ulikuwa unakwisha. Wagonjwa walilala bila kutembelewa.

Ndipo kanisa likakubali wanawake nao wawe wazee. Mchungaji wetu, kijana mpole, akaja kwangu akaniambia mtaa umenitaja mimi. Nilimwambia ukweli: sijaomba tangu mazishi. Nitaongozaje watu katika maombi nami nimefungwa hivi? Hakunikemea wala hakunihubiria. Alikunywa chai, akasema nafasi itangoja, naye hatamweka mtu mwingine haraka. Alipoondoka nililia, maana nilijua mtaa unaumia kwa sababu yangu na sikuwa na la kufanya.

Sasa, ushirika wetu una desturi yake. Tunakwenda nyumba kwa nyumba, kufuata njia, na mwenye nyumba ndiye anayefungua kwa maombi. Hakuna anayemfungulia mwenye nyumba akiwapo. Tangu msiba walikuwa wakiiruka nyumba yangu kwa huruma, nami nilishukuru kurukwa.

Nyanya Mghoi ndiye aliyekuwa akitangaza zamu. Alikuwa amekaa muda mrefu kwa binti yake, kule milimani Mghange, na aliporudi kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupotea. Jumapili moja akasimama, akasema kwa furaha, "Alhamisi tuko kwa Mwadime."

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha bibi mzee mbele za watu. Mimi pia sikuwa nao.

Alhamisi ile nilifikiria kufunga mlango niende kwa dada yangu. Badala yake nilijikuta nafagia. Mama Zuhura, jirani yangu Mwislamu, aliniona akaniletea mkeka bila kuuliza. Jua lilipopungua ukali nikawaona wanakuja, kila mtu na kiti chake, hata wale waliokuwa wameacha kuja. Nyanya Mghoi alikuwa mbele na fimbo yake.

Walipokaa, Nyanya akatazama huku na huku. "Mwadime yuko wapi? Atufungulie."

Nikamjibu, "Ametangulia, Nyanya."

Alinitazama usoni. Nadhani alikumbuka. Kisha akasema polepole, "Basi fungua wewe, mwanangu. Nyumba ni yako."

Ndugu zangu, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno hilo. Kwangu ilikuwa bado nyumba ya Mwadime. Niliinamisha kichwa, wote wakainamisha. Nikangoja maneno. Hayakuja. Mzee mmoja alikohoa. Kijana wa gitaa akaanza kugusa nyuzi, nadhani alitaka kunisaidia, na Mama Mwende, yule Mkamba wa nyumba ya pili, akamshika mkono akauzuia. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mama Saru, tutangoja. Ugali nimewaachia watoto. Ukiungua, uungue."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Nami nikacheka, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, na nyuma ya machozi nikasikia sauti yangu.

Nilisema, "Baba, nyumba hii imekuwa tupu. Asante kwa hawa waliokuja na viti."

Ni hayo tu. Nyanya Mghoi akasema amina, akaanza wimbo wa zamani wa Kidawida. Kijana akautafuta kwenye gitaa mpaka akaupata. Watu wa bara hawakujua maneno, lakini walivumisha sauti tu. Siku ile hakuna aliyeuliza tuimbe kwa lugha gani.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mchungaji, niko tayari.

Sitawadanganya kwamba huzuni iliisha. Mpaka leo nikipika mkono wangu unapima unga wa watu wawili. Lakini naomba! Maombi yangu ni mafupi, na Bwana ameyapokea hivyo hivyo. Nikienda kwa aliyefiwa simhimizi aseme kitu. Naweka kiti changu, nakaa.

Namshukuru Mungu aliyenitumia bibi aliyesahau, na watu wasiokuwa na haraka. Na wewe uliyekaa nyuma leo, unayeangalia mikono yako, nakujua. Usiogope kimya chako. Bwana anakisikia, naye anajua kungoja. Ila usifunge mlango. Alhamisi tutakuja kwako, na viti tutabeba wenyewe.