Mwalimu Dorcus Akinyi Opondo na Ijumaa za Shule Mbili

Haya nimeyasema mimi mumewe, Joab Opondo. Binti yetu Beverly ameyaandika na ndiye anayewasomea.

Mwalimu Dorcus alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 huko Awasi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ezra Odera na Mama Peris. Baba yake alipata kazi kiwanda cha majani chai, Kericho, akahamisha jamaa yote. Dorcus alisoma shule ya shamba la chai, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, na mwaka 1979 akahitimu ualimu.

Tulioana tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Mimi nilikuwa mchuma chai. Watu walimuuliza anamtakia nini mtu asiyejua kusoma. Alijibu, "Huyu ananisikiza."

Alifundisha kuanzia 1980 mpaka alipostaafu 2018. Lakini kazi aliyoipenda ilianza 2014. Watoto wake wa shule hiyo ya shamba waliandika vizuri, ila mgeni akiwauliza jina wanaangalia chini. Watoto wa wakulima upande wa Sigowet walikuwa vivyo hivyo. Yeye na Mwalimu Hezekiah Chepyegon wa huko wakaunganisha shule zao. Kila Ijumaa moja ilitembelea nyingine. Kila mtoto alipewa mwenzake wa shule ile, na sheria ilikuwa moja: hujisemei wewe. Unasimama, unamsema mwenzako, bila karatasi.

Siku ya kwanza nilikuwepo, nilibeba viti. Msichana wa shamba, Janefer, akasimama. "Huyu ni Kipchoge. Ako na ng'ombe sita na anaogopa bata."

Watu wakaangua kicheko. Kipchoge akaruka juu. "Mwalimu, huyo bata anauma! Na huyu Janefer amemaliza mandazi yangu akisema anaonja tu!"

Dorcus alicheka mpaka akaketi. Akaniambia, "Baba Oketch, umeona? Wameongea."

Hata baada ya kustaafu aliendelea. Yeye ndiye aliyepiga simu kila wiki kuziita shule zote mbili.

Hakuugua. Alikuwa na presha kidogo, na dawa alimeza. Ijumaa tarehe 13 Juni 2025 alikunywa chai, akajifunga leso, akasema, "Wageni wanafika saa nne. Usinicheleweshe." Akaanguka mlangoni. Hospitalini walituambia ameshakwenda. Kikombe nilikikuta mezani. Mimi mpaka leo sielewi.

Saa nne lori la Sigowet lilifika. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Watoto wakajipanga uwanjani na wenzao, wawili wawili, wakimngoja. Mwalimu mkuu wa shamba alitoka, akawaangalia, akarudi ndani. Wakarudishwa nyumbani bila kuambiwa kitu.

Ijumaa mbili zimepita. Hakuna shule iliyotembea. Nimesikia wa shamba wanangoja waitwe na Sigowet, na Sigowet wanangoja waitwe na shamba. Hivyo ndivyo kitu hufa.

Mwalimu Dorcus amemwacha mumewe, watoto wake Oketch, Beverly na Dolphine, wajukuu saba, dada yake Mama Rosebella, na watoto wa shule mbili.

Walimu wakuu wote wawili wameketi hapo mbele. Sina hotuba. Kabla hatujamshusha, mmoja wenu asimame amwite mwenzake kwa Ijumaa ijayo, sote tusikie.

Mungu amtulize Dorcus wangu.