Habari za Njia ya Olmotonyi

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu mlioacha shughuli zenu mchana huu mkaja kukaa kwenye mabenchi haya magumu, poleni, na asanteni. Mama mchungaji aliniomba niseme neno kuhusu kuchoka. Nikamwambia, mama, mimi kuchoka kwangu kulikuwa kwa baiskeli, watu watacheka. Akanijibu, waache wacheke, wakimaliza wewe endelea. Basi chekeni sasa hivi, tumalizane.

Asanteni. Sasa nisikilizeni.

Wengi mnanijua. Nina cherehani yangu kule Kwa Mrombo, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na nyumbani ni hapa hapa Daraja Mbili. Nilizaliwa upande wa Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa, na enzi zetu msichana akipanda baiskeli alikuwa anajitafutia maneno. Kwa hiyo mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima, nina mume na mtoto, na mgongo unaniuma kwa kuinamia vitambaa kutwa nzima.

Aliyeninyanyua pale kwenye kiti ni mteja. Alikuwa nesi, Mchaga wa Machame, mdogo wangu kwa miaka mitatu, alileta sare zake nizipunguze kiuno. Jina lake silitaji, maana hakunituma. Yeye aliniita Fundi, mimi nikamwita Nesi, na ndivyo tunavyoitana mpaka leo. Aliniona najinyoosha huku nakunja uso, akasema, "Fundi, Jumamosi njoo tukapande baiskeli. Kikundi chetu kina moja haina mtu."

Ilikuwa baiskeli ya mashindano, zile za tairi nyembamba na usukani uliopinda. Jumamosi ya kwanza nilifika Sakina, nikarudi nasukuma. Ya tatu nikafika Ngaramtoni. Na ule mteremko wa kurudi mjini, ndugu zangu, nawaambieni, upepo uliniingia kooni nikapiga yowe kama mtoto. Nesi alikuwa nyuma yangu, akacheka mpaka akashindwa kukanyaga pedali.

Tulikwenda hivyo miaka miwili. Njia yetu tuliyoipenda ilikuwa ile ya Ngaramtoni, halafu unakunja kulia kuupandisha mlima kuelekea Olmotonyi, mpaka pale miti ya msitu inapoanza na baridi inakukamata masikio. Nesi alikuwa mtu wa kusimama. Anamsalimia huyu, anamuuliza yule mgonjwa anaendeleaje, ananunua parachichi, analifunga kwenye kanga mgongoni. Mimi nasubiri, nagomba, nacheka. Nilikuwa na furaha na sikujua kwamba ndiyo furaha yenyewe.

Halafu nikashinda. Nisiseme uongo, nilikuwa wa pili. Yalikuwa mashindano madogo tu ya wanawake, lakini niliposimama pale nimevishwa medali, kitu fulani kiliamka ndani yangu na hakikulala tena. Nikanunua baiskeli yangu mwenyewe, nikatafuta kocha. Kocha akanipa ratiba na saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Alikuwa mtu mwema, msije mkamlaumu. Aliniambia nipumzike siku mbili kwa wiki. Mimi ndiye niliyeona kupumzika ni uvivu.

Nikaanza kutoka saa kumi na moja alfajiri, kila siku ya Mungu. Nikitoka mazoezini nakimbilia Kwa Mrombo, nakanyaga cherehani mpaka jioni, halafu nakuja kutazama saa yangu kuona leo nimezidi jana kwa kiasi gani. Nikiwa nimezidi, nakula kwa amani. Nikiwa nimepungua, hakuna mtu wa kunisemesha nyumbani. Mwanangu aliimba na kwaya ya watoto hapa hapa mbele ya madhabahu, mlimpigia makofi ninyi. Mimi nilikuwa njia ya Monduli. Niliporudi aliniuliza, "Mama, ungekuja ungepungukiwa nini?" Nikamjibu nina ratiba. Mtoto wa miaka tisa, namjibu nina ratiba!

Kikundi nikakiacha, wananichelewesha. Nikabaki na Nesi peke yake, kwa kuwa alikubali kunifuata. Siku moja tuko kwenye barabara ya baipasi kuelekea Kisongo, tairi lake likapata pancha. Akaniita. Nikageuka, nikaangalia saa, nikamwambia, "Utanikuta mbele." Nikaenda zangu. Hakunikuta. Pampu yake ilikuwa imeharibika, akatembea na baiskeli begani kwenye jua hadi alipopata msamaria.

Jioni alikuja nyumbani. Hakuketi. Alisimama mlangoni akasema polepole, "Fundi, pancha ni pancha. Kilichoniuma ni kwamba nilipokuita hukunitazama usoni. Ulitazama saa." Nikaanza kujitetea. Akasema, "Basi, usiku mwema," na hakuja tena Jumamosi wala Jumamosi nyingine.

Mnadhani nilijifunza? Nikaongeza mazoezi.

Mwezi haukuisha. Ilikuwa asubuhi, naipanda njia ya Monduli, barabara kavu, baiskeli haina kasoro, nimekula vizuri. Ghafla miguu ikakataa. Haikuuma, ilikataa tu, kama punda anavyokataa. Nikashuka, nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara, na machozi yakaanza kunitoka yenyewe. Nikafuta, yakatoka tena.

Akapita mama wa Kimaasai, anaswaga punda wake wawili wenye madumu ya maji. Akasimama.

"Umeanguka?"

"Hapana, yeyo," nikamwita mama kwa Kimaasai. "Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa unalia nini?"

Nilitafuta jibu, hata la uongo, nikalikosa. Yule mama akawaachia punda wake wale majani, akakaa chini pembeni yangu, akavuta shuka yake akanifunika mabega. Alikaa hadi mume wangu, niliyempigia simu, alipokuja na pikapu ya jirani. Na maji yake yalikuwa yanasubiriwa nyumbani, najua. Sikuwahi kumwona tena.

Hospitali walinipima damu, walinipima moyo. Daktari akaniambia, "Mama, huna ugonjwa. Umejimaliza. Kapumzike." Nikapumzika. Baada ya miezi mitatu mwili ulirudi, nikawa napanda ngazi bila kuhema, nashona kutwa bila shida. Lakini hamu haikurudi. Baiskeli niliitundika ukutani sebuleni, nikaifunika shuka, maana kila nikiiona nilijisikia kama mtu aliyekutana njiani na rafiki wa zamani na hana la kumwambia.

Na hapa ndipo penye uchungu, jamani. Mngedhani mtu akikosa hamu ya kitu, basi kitu hicho hakimsumbui. Si kweli hata kidogo. Kila Jumamosi alfajiri kile kikundi kinapita hapa Daraja Mbili. Nilikuwa nawasikia kabla ya kuwaona, ile sauti ya magurudumu yanayozunguka bila kukanyagwa, triki-triki-triki, na watu wanataniana. Nasimama dirishani na kikombe cha uji mpaka uji unapoa. Sikuwaonea wivu wa kushinda, medali ilikuwa kabatini na sikuwahi kuitazama. Niliitamani ile asubuhi ya mtu anayetaka kutoka. Nilitamani kutamani. Sijui kama mnanielewa.

Naona mama pale anaitikia kwa kichwa. Asante, mama.

Nilijaribu. Mara mbili nilivaa, nikaitoa baiskeli hadi getini, nikasimama, nikairudisha. Mume wangu ni mpole, akasema, "Tumpe mtu anayeihitaji, ikuondokee machoni." Nikamwambia sawa. Mtu alipokuja kuichukua, nikajifungia chumbani kama mtoto, akaondoka mikono mitupu. Zaidi ya mwaka ulipita hivyo.

Kisha siku moja kwenye jumuiya tukaombwa kumwombea dada mmoja wa Sakina, ana mimba, ameshapoteza mbili, na safari hii madaktari wamemlaza kitandani nyumbani kwake asinyanyuke mpaka ajifungue. Nikajua ni Nesi kabla hawajamaliza.

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri. Nilikwenda na ndizi na parachichi, nikapokelewa na mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Machame kumwuguza. Nesi alikuwa amelala kwa ubavu, miguu imeinuliwa kwa mito. Uso ulikuwa umejaa, macho ni yale yale.

Nikapiga magoti pale kitandani. Nikamwambia, "Nesi, nilikuacha barabarani. Nisamehe."

Akasema, "Nilishakusamehe, ila nilitaka uje uniombe. Nilisubiri sana, Fundi."

Tukalia wote wawili. Kisha akajifuta, akasema, "Haya. Sasa nipe habari za Olmotonyi."

"Sijapanda huko mwaka mzima na zaidi."

"Dirisha langu unaliona? Linatazama ukuta wa jirani. Nina miezi minne ya kuutazama huo ukuta. Nenda Olmotonyi, uje uniambie kuna nini."

"Nesi, nitakudanganya bure. Sina hamu ya baiskeli tena."

Akasema, "Mimi sijakuomba hamu. Nimekuomba habari."

Ndugu zangu, maombi nimeombewa, na ushauri nimepewa, hata na baadhi yenu mlioketi hapa, na nawashukuru. Lakini sentensi ile ndiyo iliyoitoa baiskeli ukutani.

Jumamosi iliyofuata nilijaza upepo, nikapaka cheni mafuta, ile saa nikaiacha kwenye droo. Nilipanda bila raha yoyote, nawaambia ukweli. Nilikwenda kama mtu aliyetumwa dukani. Palipokuwa na mwinuko mkali nilishuka nikasukuma. Nilifika msituni, nikageuza, nikaenda moja kwa moja Sakina.

"Haya," akasema Nesi. "Yule mama wa mahindi ya kuchoma pale njia panda bado yupo?"

Nikafikiri. "Sikuangalia."

"Kahawa imetoa maua?"

"Sijui."

"Miti wamekata upande gani?"

"Nesi, sijui."

"Fundi! Ulipanda umefumba macho?"

Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka hadi mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Ninyi! Huyu anatakiwa atulie! Mnataka kuniulia mjukuu?" Tukanyamaza, halafu tukaangaliana, tukaanza tena.

Lakini nilipofika nyumbani nilikaa nikajiuliza. Njia ile nimeipita mara ngapi? Na sikuwa na hata kitu kimoja cha kumsimulia mgonjwa.

Wiki iliyofuata nikaenda kama karani wa sensa. Nikasimama kwa mama wa mahindi. Yupo, amezeeka kidogo, akamtumia Nesi hindi moja na salamu ndefu. Nikaangalia kahawa, maua yametoka meupe, harufu yake inakufuata hadi barabarani. Nikaingia mahali wanapootesha miche ya miti, mzee mmoja akanionyesha ipi ni misonobari, ipi ni mikaratusi, na ipi inakataa kuota mwaka huu. Nilipomsimulia Nesi, alifumba macho. Sikujua kama amelala. Nikinyamaza tu, anasema, "Halafu?"

Nikawa naenda kila Jumamosi. Siku ya ukungu nilimwambia ukungu ulianzia wapi. Siku ya mvua nilimpelekea maji machafu ya mfereji kwenye soksi zangu, mama yake akanifukuza mlangoni. Nilimletea jani, nikamletea tunda la msonobari, mama yake akavipanga dirishani, mbele ya ule ukuta.

Sasa siwezi kuwaambia ni Jumamosi gani hamu ilirudi. Haikupiga hodi. Ninachokumbuka ni asubuhi moja nilijikuta nimeshavaa na kengele ya simu bado haijalia. Na siku hiyo hiyo, juu ya Ngaramtoni, mawingu yalipasuka, Mlima Meru ukajitokeza mzima, mweusi, umelowa, na miguu yangu ikainuka kwenye pedali bila mimi kuiagiza. Nikaupandisha ule mlima nimesimama, nahema, nacheka na machozi yananitoka. Nilipofika juu sikujua nimetumia dakika ngapi. Nilijua tu nina habari ya kupeleka.

Nesi alijifungua salama. Mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Nilipika mwenyewe mtori, ule mchuzi wa ndizi na nyama wa mzazi, mama yake akasema una chumvi nyingi, akaula wote.

Ningependa kuwaambia kwamba sasa tunapanda pamoja. Hatupandi. Mtoto alipofikisha miezi mitano mume wake alihamishiwa kazi Songea, wakahama. Siku wanaondoka aliniletea baiskeli yake akasema, "Nitunzie." Ipo sebuleni, karibu na yangu. Kila Ijumaa jioni najaza upepo tairi zote nne. Mume wangu ananitazama tu.

Namkumbuka sana, wapendwa. Kwenye ile kona aliyopenda kusimama kununua parachichi huwa napunguza mwendo. Nikirudi namrekodia kwenye simu: mama wa mahindi anakusalimia, kahawa wameanza kuchuma, kona ile wamemwaga kifusi. Yeye ananitumia sauti ya mtoto wake na mvua za huko kwao.

Namshukuru yeye. Namshukuru mama yake, na mwiko wake. Namshukuru mume wangu ambaye hakunidharau, na mwanangu ambaye sasa nahudhuria kila anapoimba, hata akikosea. Namshukuru daktari aliyenieleza ukweli, na kocha niliyemwendea kumwomba radhi. Na yule mama wa punda, popote alipo, Mungu amlipe.

Funzo langu ni dogo. Mimi niliikalia hamu nikiisubiri irudi ndipo niinuke. Ilikuja nikiwa tayari njiani, namfanyia mtu mwingine kazi. Kama umechoka, pumzika kwanza, kupumzika si dhambi, nililipa sana kulijua hilo. Ukishapumzika, mtafute mtu asiyeweza kutoka, umuulize anataka kujua nini cha huko nje. Na kama uko mbio na mwenzako akakuita, ndugu yangu, simama. Mtazame usoni. Watu wanahama. Barabara itabaki, lakini yeye utakuja kumtafuta kwenye kila kona, kama mimi.

Nimemaliza. Asanteni kwa kunivumilia.