Tumbo Langu kwenye Foni

Kiongozi wa jumuiya ameniita mbele. Asante, lakini nitasemea hapa hapa karibu na mlango. Nimepazoea. Ninyi wenyewe mlinipa kiti hiki miaka ile, kwa sababu ya harufu yangu, mkasema kwa upole, "Papa, pale njo kuko hewa muzuri." Basi hewa nzuri nimeivuta mpaka leo, na Mungu asifiwe.

Mmetaka nitoe ushuhuda wa kuponywa. Ndugu zangu, nawaambia mapema ili msinilaumu baadaye: sikuponywa. Lile tundu liko hapa, chini ya shati, upande wa kuume, na chakula nilichokula asubuhi kitatokea hapo. Mama pale nyuma, shusha kitambaa puani. Nimejifunga vizuri. Kama kuna kinachonuka humu ndani leo, si mimi.

Nilikuwa fundi wa karakana ya kampuni ya migodi, kule mtaa wa Panda. Mliokula nami mkate wa kampuni mnakumbuka ilivyokuwa: kwanza mshahara ulichelewa, halafu unga wa posho ukachelewa, mwisho tukaacha hata kuuliza. Wakati huo homa ya matumbo ikanishika. Nikadhani ni malaria, nikameza dawa za malaria, mpaka utumbo ukatoboka. Hospitalini wakanipasua usiku huo huo. Nilipoamka, utumbo wangu ulikuwa umechungulia nje, umeshonwa kwenye ngozi, unatoa maji ya kijani yasiyokwisha. Daktari akasema ni kwa muda tu, atanifungia tena nikipata nguvu. Muda wake ulikuwa mfupi kuliko wangu. Alivuka mpaka wa nchi kwenda kutafuta mshahara, na hakurudi.

Ulikuwa mwaka wa zile nyimbo. Mnazikumbuka. Zilipita barabarani mchana, kwamba wale waliotoka jimbo la Kasai warudi kwao. Wengine humu mlikuwa na sauti nzuri sana.

Pale hospitalini kulikuwa na muuguzi mmoja aliyejua mambo ya tundu. Jina lake sitaji. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Likasi, akabatizwa katika kanisa hili mlilomo. Alianza kunifundisha. Siku ya kwanza alinionyesha jinsi ya kufungua bandeji bila kuchuna ngozi. Akasema kesho atanionyesha jinsi ya kufunga. Kesho yake hakuja. Vijana walikuwa wamefika kwake na mafuta ya petroli, wakampa nafasi ya kubeba watoto na sufuria tu, nyumba wakaichukua. Waliobaki hospitalini walikuwa watu wema, hodari wa sindano, lakini lile tundu waliliogopa kama mimi. Wakanipa pamba na kunirudisha nyumbani.

Ndugu zangu, maji ya utumbo mdogo yanakula ngozi. Wiki ya pili tumbo langu lilikuwa jekundu kama nyama ya buchani. Mke wangu alinisafisha, mimi nikijifunika uso kwa shati. Sikutaka kuliona. Jirani alileta matambara, akayaweka mlangoni, akakimbia. Ninyi mkanipa kiti hiki. Nami nikajitungia dawa yangu: nikaacha kula. Nilifikiri, nisipoingiza kitu, hakuna kitakachotoka. Nikaacha na maji. Tundu likaendelea kutoa, na macho yangu yakazama kichwani. Nilikuwa nakufa kwa akili zangu mwenyewe.

Mke wangu hakuniuliza. Alifunga ugali wa bukari na mboga ya sombe kwenye kitambaa, akaenda gare, kwenye stesheni ya treni. Mnajua gare ilivyokuwa. Watu waliofukuzwa walilala pale miezi, wakingoja treni, juu yao mifuko ya plastiki, chini yao matope. Akamtafuta muuguzi wetu akimwita kwa jina la mtoto wake, akampata. Asubuhi yake akakodi mkokoteni, akanipakia kama gunia la makaa, akanisukuma kupita katikati ya mji. Tulipokaribia, kijana mmoja barabarani akamwuliza, "Mama, uyu naye ni wa Kasai?" Mke wangu akamjibu, "Uyu ni wa kufa. Toka mu njia."

Wale watu hawakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu, wakanifanyia nafasi. Wanawake wawili wakashika vitenge kunizunguka, watu wasione. Muuguzi alikuwa amekonda. Mgongoni alibeba mwanawe mdogo anayekohoa. Alinitazama tumbo, akanitazama midomo iliyopasuka, akakasirika.

"Baba, unaacha kula?"

"Ndiyo, mama."

"Ile tundu haijue kama uko na njaa. Itatoa maji ya mwili yako mpaka utakauka. Kunywa. Maji, chumvi kidogo, sukari kidogo. Kila mara inatoa, weye unarudisha."

Alininywesha kwa mkono wake, maji waliyokuwa wakigawana kwa kikombe. Akamwonyesha mke wangu jinsi ya kuosha kwa maji matupu na kukausha bila kusugua. Somo halikufika mwisho. Filimbi ikalia, watu wote wakainuka, maana treni ilikuwa imepatikana siku hiyo na hakuna aliyejua nyingine itapatikana lini. Akikusanya vitu vyake akanisemesha haraka haraka, "Nikifika nitatafuta foni. Kila siku ya ine, saa sita, wende ku foni ya misioni. Usikufe kabla ya ile siku."

Alikuwa akisukumwa kwenye behewa la mizigo, na aliyekuwa akimhofia ni mimi. Mnasikia?

Nilikwenda kila siku ya ine, Alhamisi baada ya Alhamisi. Foni ya misioni mnaijua, ile redio kubwa ya kusemea mbali, na benchi refu ambapo kila mwenye shida hungoja zamu na kusikia shida za wenzake. Pale hakuna siri. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Ukimaliza unatamka "à vous", yaani zamu yako, unaachia kitufe, na mwenzako anajibu. Usipotamka, hakuna anayejua kama umemaliza au umekufa. Nilikunywa maji yangu ya chumvi, nikakaa kwenye benchi lile mpaka nikakata tamaa. Halafu siku moja, katikati ya makelele kama ya mafuta ya kukaanga, nikasikia sauti yake.

"Baba wa Panda iko pale? À vous."

Nikabana kitufe. Nikamwambia niko, ninakunywa, ngozi inaungua. Nilisema kwa kuzunguka zunguka, "ile shida," "ule upande," kwa sababu benchi lilikuwa limejaa, na nusu yao wako humu leo.

"Rangi yake nini? À vous."

Nikamsukumia mke wangu kipaza sauti. Akainama kunijibia, lakini muuguzi alisikia sauti ya mwanamke, akamkataza.

"Hapana, mama. Minye nauliza yeye. Baba, tangu ulitoka hôpital, unaiangaliaka? À vous."

"Shiyaiangalia. À vous."

"Basi leo hakuna somo. Wende nyumbani, kamata kioo, angalia, gusa. Haiumi, ile nyama haina na uchungu. Siku ya ine ingine utaniambia rangi. À vous."

Nilirudi nikitukana njia nzima. Kwamba nimengoja wiki zote zile, na mtu ananipa kazi kama mtoto wa shule! Kioo kilikaa ukutani siku tatu, tukitazamana. Kesho yake nilikishika, nikavua shati mbele ya dirisha. Nililia, sitawaficha. Halafu nikaligusa kwa kidole, na kweli halikuuma. Kinachouma ni ngozi ya pembeni. Miezi yote ile nilikuwa naogopa kitu kisichouma.

Alhamisi nilifika wa kwanza. Sauti yake siku hiyo ilikuwa chini.

"Baba, kabla ya somo, nikuambie. Kamutoto kalikufaka mu njia. Treni haikusimama, tulingoja mpaka ilisimama, njo tukakazika pembeni ya reli. À vous."

Akaachia kitufe.

Ndugu zangu, benchi lote lilisikia. Sote tulimjua yule mtoto. Kwenye foni, mwenzako akishasema "à vous," ni wewe. Ni wewe unayengojewa. Mashine ilikuwa inavuma, mwendesha foni ananiangalia. Nilisema, "Pole, mama." Ni kidogo kiasi gani, mnajua wenyewe. Nikasema, "À vous."

Iliyorudi haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mwanaume wa benchi la kule kwao, imejaa hasira. "Banatufukuza sawa vile bambwa! Banakamata manyumba, batoto banakufa, na sasa banatuita ku foni tubafundishe kufunga matumbo? Muache aoze! À vous!"

Nikaona sawa. Nawaambia kweli, nilimwona ana haki. Nilishika kitufe nikitaka kumwambia yule baba kwamba amesema vema, kwaheri, nirudi nyumbani nikaoze. Lakini kabla sijatamka, kulikuwa na mvutano kule, kitu kikaanguka, halafu ikaja sauti yake, inahema.

"Baba, uko bado pale? Rangi yake nini? À vous."

Mbele ya benchi lote, mbele ya jirani yule wa matambara, nikasema kwa sauti ya kupigia mnada, "Ni nyekundu, mama! Sawa ndani ya mudomo. Iko na maji maji. Nimeigusa. À vous!"

"Muzuri. Nyekundu ni uzima. Siku utaiona nyeusi, kimbia ku hôpital, usingoje siku ya ine. Sasa ngozi. Piga yai, kamata ile ute nyeupe, pakaa pa ngozi yenye kuungua, iache ikauke. Weye fundi, si unajua joint, ule mpira wa kuziba pompe? À vous."

"Najua. À vous."

"Ikipita tundu kwa ukubwa, inavuja. Ikibana tundu, inakata. Pima na karatasi, kata mpira sawa sawa. Utafunga mufuko pale. Toa maji kabla haijajaa, usingoje ikuwe nzito. À vous."

Hapo nikaelewa. Mimi nimekata joint maisha yangu yote! Nilipofika nyumbani nilikata pete kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, nikaifunga na mfuko wa plastiki na mkanda wa kitenge. Ya kwanza ilivuja, ya pili ikabana. Ya tatu nilitembea nayo mpaka machimbo ya Kakontwe kutafuta chokaa ya kuuza, nikarudi na shati kavu. Ngozi ilipona kwa mayai ambayo mke wangu aliyatoa mdomoni mwa watoto. Kazi ya kampuni ilikuwa imekufa, nikaanza kutengeneza mbabula za makaa kwa mabati, zile mnazopikia. Ndiyo, zile zile. Bukari yenu inaiva kwenye moto wa fundi wa mlangoni.

Alinifundisha Alhamisi nyingi baada ya ile: kutafuna karanga mpaka ziwe uji, kubadilisha mfuko asubuhi kabla sijala. Yule baba mwenye hasira sikumsikia tena. Halafu vita vikaja, foni ya kule ikakatika. Bado nakwenda kwenye benchi mara moja moja. Sijui kama yuko hai.

Sasa shukrani. Namshukuru Mungu, na yeye anajua ni kwa nini nasita. Namshukuru mke wangu na mkokoteni wake. Nawashukuru wanawake wawili wa gare walionisitiri kwa vitenge, wakati wao wenyewe hamna aliyewasitiri. Namshukuru hata yule baba, kwa kuwa alisema kweli. Ninyi nawashukuru kwa kiti.

Na somo ni hili. Juzi mgonjwa wa jumuiya hii alitoka hospitalini, ana tundu kama langu. Watu wa kwao walinijia gizani, kupitia nyuma, wakaniomba nikamfundishe kimya kimya. Simtaji. Lakini nilipouliza niende nyumba gani, wakanitajia nyumba yenye mlango wa buluu. Mlango ule aliupaka rangi yule muuguzi kwa mikono yake, nyumba ilipokuwa yake.

Neno la yule baba lilinijia mdomoni: muache aoze. Nilikesha nalo usiku kucha. Asubuhi nilikata pete ya mpira, hii hapa mfukoni, safi. Nitakuja leo mchana, kupitia mlango wa mbele. Nitafundisha yote: maji, yai, joint, rangi. Lakini kabla ya somo, kwa sauti, nitasema nani alinifundisha, nyumba yake ni ipi, na mwanawe analala wapi. Nami nitataka kusikia mnajibu nini.

Nimemaliza. À vous.