Mzee Bahizire na Ukuta wa Mbao

Baba yetu, Mzee Bahizire Bagalwa, alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 9 Mei 1947, mtoto wa kwanza wa mwashi. Alisoma shule ya misheni huko huko, kisha sekondari Bukavu. Mwaka 1968 alipata nafasi ya kusomea ujenzi Leningrad, nchini Urusi.

Wanafunzi walilazwa katika jumba la kale. Mwana mfalme mmoja alilijenga kwa ajili ya karamu, vyumba vikifuatana mlango kwa mlango hadi ukumbi wa dansi. Baada ya mapinduzi likawa ofisi, wakati wa vita likawa hospitali, ndipo likawa bweni. Ukumbi uligawanywa kwa kuta za mbao ukawa vyumba vya kulala. Darini alikuwa amechorwa malaika, na ukuta mmoja ulipita katikati yake. Baba alilala chini ya miguu. Kichwa kilikuwa upande wa Onesphore, kijana wa Bujumbura.

Kila jioni Baba aligonga mbao.

"Malaika amelala?"

"Macho yake yako wazi," Onesphore alijibu. "Amenuna. Umemkanyaga miguu?"

Baba alisema kwamba katika baridi ile, kugongewa ukuta kulikuwa kama blanketi la pili.

Alirudi Bukavu mwaka 1974, akafanya kazi katika idara ya majengo. Tarehe 17 Julai 1976 alimwoa Joyeuse, wakajaliwa mtoto mmoja, Ernestine. Vita viliwafikisha kambi ya Nakivale, Uganda, ambako Mama Joyeuse alifariki mwaka 2009. Habari za Onesphore zilikuwa zimepotea zamani.

Mwaka 2013 alifika Minneapolis, Marekani, na familia ya Ernestine, mtaa wa Phillips. Ernestine alipohamia nyumba ya peke yake Blaine, nje ya mji, alimwandalia Baba chumba. Alikataa, akapanga katika jengo la ghorofa huko Hopkins.

"Nyumba yako ni nzuri, mama," alimwambia, "lakini nikigonga ukuta, nje kuna theluji tu."

Binti yake alikuwa na hofu moja: Baba angeanguka peke yake na mtu asijue. Alimpigia simu kila mapumziko ya kazini.

Jirani wa Hopkins, Peris, Mkenya anayehudumia wazee, alikuwa akipunguza sauti ya televisheni kila alipogongewa ukuta. Mwishowe alikuja mlangoni na chapati.

"Pole, Mzee. Ni TV inakusumbua?"

"Hapana, binti yangu. Nakutakia usiku mwema."

"Haki, Mzee. Na mimi naangalia mpira bila sauti mwezi mzima."

Tangu siku hiyo Peris alijibu.

Majira ya joto yaliyopita, Reine, mjukuu wa Baba, alimtafutia lile jumba la Leningrad kwenye simu. Sasa ni makumbusho, na mbao zimeondolewa. Baba aliitazama dari.

"Malaika amepona," alisema. "Lakini sasa analala peke yake."

Moyo ulimsumbua tangu mwaka 2022. Jumapili tarehe 13 Oktoba 2024, Peris aligonga ukuta, hakujibiwa. Hakungoja. Alimwita mwenye funguo, wakamkuta Baba sakafuni, akiwa hai. Ernestine alimkuta hospitalini na hakuondoka. Jumanne tarehe 15, mchana, Baba alishindwa kusema. Aligonga ukingo wa kitanda kwa kidole. Binti yake akagonga. Ndivyo alivyotuaga.

Ameacha binti yake Ernestine, wajukuu Reine na Maombi, na jirani yake Peris, ambaye familia inamwomba akae nasi mstari wa mbele.

Bwana ampumzishe Baba yetu, na ampe jirani.