Ghorofa ya Nne Kitengela

Julai ile ya 2007 ardhi ilikuwa ikitetemeka, na ndani ya Peugeot ya abiria kutoka Kajiado Mzee Ngigi alikuwa akiwacheka walioogopa. Yeye alikuwa anaongeza ghorofa ya nne kwenye jumba lake la kupangisha kule Kitengela.

"Hiyo ya kijani? Binti yangu Celine amepanga huko chini," akasema Munyiva, aliyeketi kando yangu. "Mzee, kule Kobe, Japani, tetemeko lilipopiga, nyumba dhaifu ziliwalalia watu. Miaka kumi na mbili imepita na bado wanaimarisha zingine. Wewe ulichimba ule udongo mweusi mpaka ukafika mwamba?"

"Mama, kwani wewe ni injinia? Wajapani wanaogopa hata kivuli. Sisi tuko na Mungu."

Mimi huomba kila siku, lakini sijawahi kumwomba Mungu anichimbie msingi.

"Ulichimba ama hukuchimba?"

"Ukikauka huwa kama simiti!"

"Na mvua ikinyesha uvimbe na kulainika? Kalale huko chini siku moja, mzee."

"Mimi nyumba yangu ni hii hapa. Dereva, nishushe hapa Kisaju!"

Gari likasimama mbele ya nyumba ya mabati. Jua lilikuwa halijatua, na godoro lake lilikuwa limeshatandikwa nje, mbali na ukuta.