Siku Kumi na Nne za Daktari wa Kano

Marehemu alionana na mume wake kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1998, saa mbili asubuhi, katika chumba cha panya, chini kabisa ya jengo la utafiti. Panya alikuwa amemng'ata kidole. Huyo mume, mtunza panya wa pale, mtu wa haya aliyeishia darasa la saba, alimwonyesha jinsi ya kumshika mnyama kwenye shina la mkia, macho yake yakiwa sakafuni muda wote. Marehemu akamuuliza kama hiyo sakafu nayo huwa inang'ata.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya reli, kisha sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, ambako mwaka 1997 alipata shahada ya udaktari wa biolojia. Majirani wakaanza kumletea watoto wenye homa. Aliwaambia yeye ni daktari wa kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, na wagonjwa wake hawajazaliwa bado. Jina likamganda.

Kwa miaka ishirini na sita alitafuta jinsi mguu wa panya unavyojengwa tumboni: jeni ipi inaamka kwanza, protini ipi inafuata, na kano inajuaje pa kuushika msuli. Walifunga ndoa tarehe 20 Januari 2001. Mama mkwe aliuliza mguu wa panya una nini cha kumaliza ujana wa mtu. Akajibiwa kwa upole, "Goti lako hilo, mama, lilianzia huko huko."

Januari 2024 aligundulika na saratani ya ini. Jumapili ya tarehe 11 Februari mume wake alishinda naye hospitalini, hakwenda kukagua ni majike gani wamepandwa usiku. Jumatatu alijaza tarehe za kupandwa kwenye kadi sita za vizimba kwa kukisia. Siku moja kwa kijusi cha panya ni kama wiki mbili kwa mtoto wa mtu. Kwa kuziamini kadi hizo, Marehemu aliandika kwamba jeni ya kano huitangulia protini yake kwa siku nzima, na ripoti ikawa tayari kutumwa.

Tarehe 2 Mei mume wake alimwambia ukweli wa kadi hizo, pale kitandani. Marehemu akauliza ni vizimba vipi, akaagiza ripoti isitumwe, na majike wengine wapandishwe usiku huo huo. Vijusi vilihitaji siku kumi na nne. Madaktari walikuwa wamempa kumi.

Alifariki tarehe 17 Mei 2024, saa mbili kasorobo asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake. Mume alikuwa chumba cha panya, akitoa vijusi vilivyotimiza siku kumi na nne asubuhi hiyo. Vijusi viko kwa wenzake wa maabara; jibu bado halijatoka.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mama mzazi na kaka wawili. Mungu ampe pumziko lisilo na maumivu.

Maneno yake ya mwisho kwa mume wake aliyasema jioni ya tarehe 16, alipomwona anavuta kiti ili akeshe naye: "Baba watoto, kesho usianze na mimi. Anza na panya."